Kizibao cha Sufi

Fundi Sefu, rafiki yangu,

Miaka yote niliyofundisha niliwaambia watoto kwamba barua njema huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, ndipo mwandishi aeleze yake. Leo nimekwama hapo hapo mwanzoni. Hali yako siwezi kuiuliza. Yangu si njema, na sina mwingine wa kumweleza, maana jambo lenyewe tulilifanya wewe na mimi.

Mkeo, Bi Mwajuma, ametoka eda Jumatatu iliyopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani kama dini yenu inavyotaka, na watu walimtunza vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Kila aliyekuja kumpa pole alikuja na sufuria: wali, ndizi kwa nyama, vitumbua. Unamjua, hawezi kurudisha chakula cha mtu. Alikula ameketi, akalala, akaamka akala tena, kwa sababu mjane asipokula watu husema anataka kumfuata mumewe. Alipotoka, binti yenu Tatu, aliyekuwa amekuja kutoka kwake Kibondo, alimpeleka hospitali. Miguu ilikuwa imevimba na kichwa kinamgonga. Tabibu, yule yule mrefu aliyekupima wewe, alimwambia yale yale aliyokuambia wewe: presha imepanda, mwili umezidi, punguza mafuta na sukari, tembea. Kisha akaongeza, "Mwalimu Yohana yupo hapo jirani, atakuelekeza. Anaijua kazi hiyo."

Nilikwenda jioni ile ile. Niliketi barazani pako, kwenye benchi la wateja. Cherehani imefunikwa shuka. Nilikuwa nimejiandaa, unanijua, nilikuwa na maelezo ya kutosha vipindi viwili. Sikufika mbali. Mkeo alinisikiliza kidogo kutoka mlangoni, halafu akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, nimeona mtu mmoja akipungua. Nimemzika."

Sefu, nimefundisha miaka thelathini na moja. Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na mapadri, na watoto wasiotaka kunyamaza. Kwa neno lile nilivaa kofia yangu nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo nakueleza tena tangu mwanzo. Si kwamba umesahau. Ninapoeleza jambo ndipo huona liliponipita.

Ulikuwa umekaa kwenye cherehani ile karibu miaka ishirini, na tumbo lilikuwa limefika mezani, ukinyoosha mikono kukifikia kitambaa kama mtu anayeota moto. Siku tuliyopanda kwenda kwenye mazishi kule Heru Juu ulisimama njiani mara nne, na mara zote nne ukasingizia kiatu. Wiki iliyofuata tabibu akakuambia upunguze mwili. Nawe ukafanya kama fundi aliyeahidi nguo ya sikukuu: ulinunua dawa ya haluli sokoni, ukaharisha siku tatu, ukakataa chakula siku nne nyingine, ukaja kuangukia suruali ya bwana shamba iliyokuwa bado haijatiwa pindo. Nilikukuta mkekani, mkeo anakupepea na huku anakutukana.

Nilikuambia siku ile, na mpaka leo naamini, kwamba mwili haukuongezeka kwa wiki moja, basi hauwezi kupungua kwa wiki moja ukabaki hivyo. Ulichokiondoa kwa njaa, njaa yenyewe itakirudisha. Tafuta namna ya kula ambayo utaiweza mpaka uzeeni, siyo namna ya kuvumilia mpaka Ijumaa. Ukaniuliza, "Mpaka uzeeni bila mandazi?" Nikasema mandazi yatakuwepo, siku moja kwa juma. Ukafumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu.

Hatukuacha kitu, tulibadili ukubwa tu. Ugali wa muhogo ukawa wa ngumi mbili, siyo ule mlima. Nusu ya sahani ikawa mboga, sombe au mchicha, na maharage pembeni. Mawese kijiko kimoja, siyo upawa. Samaki, mgebuka wetu, wa kuchemsha badala ya kukaanga. Chai yako ilikuwa na vijiko vinne vya sukari. Tukapunguza nusu kijiko kila mwezi, ili ulimi usistuke. Na kila ulipotoka sala ya alfajiri tulitembea, mimi na wewe, mpaka kisima cha misheni na kurudi.

Unakumbuka wanawake waliokuwa wakienda mashambani, walivyotusalimu? "Mwakeye! Msiba uko wapi?" Hakuna msiba, tunatembea. "Mnatembea mnakwenda wapi?" Hatuendi popote. Walicheka mpaka mizigo ikataka kuanguka, maana katika nchi hii mtu mzima akitembea mikono mitupu alfajiri, ama kafiwa ama kafukuzwa. Bibi mmoja akashusha jembe begani akakunyooshea: "Kama miguu inawawasha, shamba langu lile pale." Nawe ukalipokea! Ukalima matuta matatu na kanzu imekunjwa kiunoni, ukirudi unahema na unacheka. Tangu siku ile tulikuwa tukilima shamba la bibi yule mara mbili kwa juma, naye akawatangazia watu kwamba amepata vibarua wawili wazee wasiokula sana.

Hilo la kula lilikuwa gumu kuliko kulima. Mtu wa pwani au wa mjini haelewi, lakini wewe ulizaliwa Ujiji ukakulia huku, ulielewa. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hamna kitu ndani yake. Mgeni naye akikataa baada ya hapo, amemwambia mwenyeji kwamba bado anamshuku. Huwezi kumweleza mtu habari za presha huku yeye anasikia kwamba umemwita mchawi. Basi ukabuni njia yako: ulikula tonge tatu kila nyumba, polepole, ukisifu kila tonge kwa maneno mengi, mpaka hakuna aliyehesabu kwamba zilikuwa tatu.

Mkeo ndiye aliyepata taabu. Sokoni walimwuliza, "Bi Mwajuma, mbona bwana anakonda? Au chungu kimetoboka?" Akarudi nyumbani akaanza kukutilia mawese kwenye mchicha kwa siri, akichanganya vizuri yasionekane. Ulimgundua kwa rangi ya vidole vyako. Ulinisimulia ukicheka machozi, lakini uliniambia pia kwamba hukumgombeza. Ulimketisha ukamwambia, "Mama Tatu, nataka nikuone bibi kizee." Toka hapo alikuwa upande wetu, akapima unga kwa bakuli lile la bluu bila kuambiwa.

Na futi. Mizani ya watu ilikuwa hospitali tu; sisi tulikuwa na futi yako. Kila Ijumaa ulipotoka msikitini nilikupima mimi, kwa sababu ulisema fundi hajipimi. Nilikuwa nikikuambia maneno yako mwenyewe, yale uliyowaambia wateja waliokuwa wakivuta tumbo ndani: "Achia tumbo, mimi si mchumba wako." Kisha natia alama ya chaki nyuma ya mlango wa duka. Upana wa kidole kwa mwezi. Mwezi mwingine hakuna. Ramadhani ukapanda kidogo kwa ajili ya futari, tukarudi chini baada ya Idi. Mwaka mzima na zaidi tulikwenda hivyo, na ulipanda Heru Juu bila kukumbuka kiatu. Tabibu alikupima akasema presha imeshuka, akanitazama mimi kana kwamba nimefanya kitu kikubwa. Nakiri nilipenda kutazamwa vile.

Halafu Tatu akaposwa Kibondo.

Ulikuja kwangu una hofu. Ulisema wakwe hawajakuona, na baba wa bibi arusi akishuka kwenye lori na shingo nyembamba, watasema ama ni mgonjwa ama ni fukara, na binti atabeba maneno hayo maisha yake yote. Nilikueleza kwamba mwili wenye afya hauna haja ya kuombewa radhi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Hayo kaandike ubaoni, Mwalimu. Kibondo hawatasoma." Ukashona kizibao cha khaki, tabaka mbili, ukanipa gunia la sufi tukakijaza pamoja, kifuani na tumboni, kama mto. Sufi ilinijaa kwenye nyusi ukasema nimezeeka ghafla.

Kule kwenye arusi mzee mmoja wa upande wa bwana alikupiga kifuani kwa kiganja. "Huyu mkwe ameshiba!" Ulinitupia jicho. Niling'ata ulimi mpaka ukauma. Tulicheka ndani ya lori kutoka Kibondo mpaka Makere, na watu waliokaa juu ya magunia wakadhani tumelewa.

Ningependa kuishia hapo.

Tuliporudi kwetu Kasulu hukukivua. Ulisema wateja wanapenda fundi aliyenawiri, na kwamba tangu ukivae, sokoni wamemwacha mkeo apumue. Niliona ni sawa. Baada ya mwezi au miwili ukasema, "Usijisumbue na futi, Mwalimu. Nitajipima asubuhi kabla ya kuvaa." Wewe, uliyesema fundi hajipimi. Nilikubali, maana mvua zilikuwa kubwa na goti langu linauma. Nikawa nakuja Ijumaa kusoma alama tu mlangoni.

Alama zilianza kushuka. Vidole viwili kwa mwezi. Mwezi uliofuata vitatu. Uliofuata vinne.

Ninajua ulikuwa mkono wako ule, ulibonyeza chaki kama kawaida. Hukudanganya. Uliandika kweli tupu pale mlangoni, mahali ambapo ni mimi tu niliyejua kusoma. Na mimi nilisoma, Sefu. Nikafurahi. Nilisimama mbele ya mlango ule kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu, nikakuambia, "Hongera. Sasa mwili umeelewa."

Kinywa hiki ndicho kilichokufundisha kwamba mwili hupungua polepole, na ukienda mbio una jambo. Kinywa hiki hiki. Ulipoacha ugali wako nusu nilisema umejifunza kiasi. Ulipoketi baada ya tuta moja kwa yule bibi nilisema ni baridi. Kila mara ulikuwa na kifua kipana na tumbo la heshima mbele yangu, na jicho langu lilikiamini kizibao ambacho mikono yangu ilikijaza.

Kuna swali nalikwepa mchana kutwa. Je, ulijua? Labda ulijua ukaficha. Labda ulifurahi kama mimi. Au uliona furaha yangu ukaona vibaya kuiharibu. Sijui. Hili la mwisho ndilo nisiloweza kulibeba.

Siku ulipotapika dukani tukakupeleka hospitali, tabibu alikifungua kizibao vifungo akakiweka kwenye kiti. Kikakaa wima, Sefu. Kikakaa kama mtu aliyekuja kukusindikiza, kifua mbele. Na kitandani ulibaki nusu yako. Nilihesabu mbavu zako nikiwa nimesimama mlangoni. Uvimbe tumboni, walisema. Wakakupeleka Kigoma, wakakurudisha. Wiki saba baadaye tukakuzika.

Baadaye tabibu alinitoa nje akaniambia haukuwa mchicha wala kutembea, ugonjwa ule humjia mnene na mwembamba, na una njia yake. Nilimwuliza kama ungeonekana mapema. Akatazama barabara. Nami sikuuliza tena.

Sasa turudi kwa mkeo. Nilirudi kwake mara ya pili, Jumatano. Nilichukua chaki nikachora mlima kwenye sakafu ya baraza, na watu wawili. Mmoja ameshuka kwa njia, hatua kwa hatua, anaona anapokanyaga. Mwingine ameteleza kutoka juu. Nikamwambia, "Shemeji, hawa wawili si sawa. Fundi alishuka mwaka mzima kama huyu wa kwanza, akawa mzima. Mwisho ndipo ugonjwa ulipomsukuma." Aliinama akautazama mchoro. Nilidhani nimefika.

Akasema, "Lakini shemeji, wote wako chini."

Akanimiminia chai, akatia vijiko vinne vya sukari, akanisogezea. "Kunywa. Na wewe umekonda." Nikanywa yote. Hicho tu ndicho nilichoweza kukifanya siku ile.

Anakula kwa hofu, Sefu. Si uroho. Tatu ameniambia kwamba kanga ikimlegea kiunoni asubuhi, mama yake hustuka na kwenda jikoni. Bakuli la bluu amelifunika juu ya kabati. Hatembei, anasema njia ile ndiyo iliyokuchukua. Akipanda ngazi tatu za duka hushika ukuta. Tatu ameomba ruhusa kwa mumewe abaki huku mpaka mwezi uishe, na jana alinifuata hadi kwangu. "Baba Mwalimu," alisema, "mimi nimebakiwa na mzazi mmoja." Nilitaka kumwahidi kitu, lakini ahadi zangu zimepungua thamani hata kwangu mwenyewe.

Jana hiyo hiyo waligawa nguo zako. Kanzu zilikwenda Ujiji kwa ndugu yako, koti alipewa mwadhini. Kizibao hakikutakiwa na mtu. Mkeo alikileta mwenyewe mpaka barazani. "Hiki mlikishona wote," alisema. "Kichukue." Hakusema kwa hasira. Kwake ni kichekesho cha arusi ya Kibondo, basi. Alama za mlangoni anaziona kila siku, lakini hajui kuzisoma. Hajui kwamba mimi nilizisoma.

Leo asubuhi nimekifumua mshono. Ulishona imara mno, nimetumia nyembe mbili. Sufi iliyotoka imejaza mto mzima wa kulalia, na nyingine imebaki kwenye ungo. Niliishika kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo iliyokaa kati ya macho yangu na mwili wako, nyepesi, hata upepo wa mlangoni unaichukua.

Nikiwa nimekaa na ungo ule magotini ndipo nilipoona jambo lililonipita. Nimemweleza mkeo mboga, nimemweleza mlima, nimemweleza ugonjwa. Moja tu sijamweleza: kwamba mimi mwenye kueleza niliona alama zikikimbia, nikakupongeza. Anadhani kupungua ndiko kulikoua, kwa sababu nimemficha kilichozuia tusione. Ninamtaka aniamini tena huku nimevaa kizibao changu mwenyewe.

Nikimwambia, huenda akanifungia mlango. Ana haki. Lakini nisipomwambia atabaki anaukimbia mchicha na njia ya kisima, na presha haitamsubiri amalize kukimbia.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, na ni kidogo, usitegemee zaidi. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitakwenda. Nitamwomba Tatu akae nasi. Nitafungua mlango wa duka niwasomee alama zako zote, kuanzia ya juu, za mwaka mzuri na zile za mwisho, na nitawaambia nilisema nini mbele ya kila moja. Futi nitamkabidhi Tatu, siyo mimi. Amfundishe mama yake kujipima akiwa na kanga moja, bila kitu katikati, na waandike kwenye ubao wa pili wa mlango. Kidole kimoja kwa mwezi, wafurahi. Viwili, waende kwa tabibu siku hiyo hiyo, hata kama kila mtu anapongeza. Mimi nikipongeza ndiyo waende upesi zaidi.

Na kama atakubali kutembea, yule bibi bado yuko na jembe lake. Ameniuliza habari zako mara mbili. Mara zote mbili nimemwambia umekufa, na mara zote mbili amesema, "Yule aliyelima vizuri?"

Sijui Bi Mwajuma atafanya nini. Huenda akanimiminia tena chai ya vijiko vinne, nami nitakunywa, kwa sababu sitakataa kitu chochote mkononi mwake. Mto nitauacha kwake. Akipenda aulalie, akipenda autupe.

Pumzika, Fundi. Udongo wa huku ni mzito mvua zikinyesha. Nimepanda majani pembeni ya kaburi lako lisiporomoke. Ijumaa nikifika barazani pako sitavuta pumzi ndani. Nitaachia tumbo, kama ulivyotuambia sote, ili mkeo anipime.

Mimi rafiki yako,
Yohana